Mlezi wa Maji Meupe

Sufuria za Lipumbi ziling'aa kuliko za kijiji kingine chochote bondeni, na hakuna aliyezisugua.

Gaudensia Kapinga aliligundua jambo hilo asubuhi iliyofuata siku aliyorudi nyumbani. Alimkuta mama yake, Bathilda, ameinama ukingoni mwa Mto Ruhandu, akiopoa sufuria aliyoilaza majini tangu jioni, ndani yake jiwe la kuizuia isichukuliwe na mkondo. Bathilda alipitisha kidole ndani ya sufuria. Ukoko ulibanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake palimetameta.

"Majivu nimeyasahau," alisema. "Zamani nilikuwa nasugua mpaka kucha zinakwisha. Sasa nailaza, nami nalala, asubuhi naopoa. Huko chuoni kwenu mna mto wa namna hii?"

"Hatuna, mama. Tuna bomba."

"Basi mna shida."

Bathilda aliiweka sufuria kwenye majani, akajifuta mikono kwa kanga, akausogelea mhimili mfupi wa chuma uliosimikwa pale ukingoni. Watu wa Lipumbi waliuita kisemeo. Ulikuwa na tundu la kimo cha mdomo, na kila mtu mzima aliyefika mtoni asubuhi alisimama mbele yake akasema alichokiona.

"Mlezi, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Mama Bathilda. Shikamoo." Sauti ilikuwa ya upole, si ya kike wala ya kiume, na lafudhi yake ilikuwa ya Lipumbi hasa.

"Marahaba. Leo maji ni meupe."

"Meupe. Nimesikia, Mama. Asante."

Bathilda alimgeukia binti yake kama mtu anayemtambulisha mtoto mwenye adabu kwa mgeni.

Mlezi mwenyewe alikaa juu mlimani, kwenye mdomo wa mgodi wa Ntambo. Kampuni iliyochimba makaa ya mawe pale iliondoka kabla Gaudensia hajazaliwa, ikaacha mahandaki wazi. Maji yakayajaa mahandaki, yakakutana na mawe yenye salfa na chuma, na kila mvua yakatoka yakiwa machungu na yenye rangi ya kutu. Gaudensia alikulia kando ya mto mwekundu. Alikuwa tayari mwanafunzi wa chuo ilipopitishwa sheria ya kuupa kila mto uliojeruhiwa Mlezi wake: akili ya mashine yenye mamlaka juu ya milango ya maji, maghala ya chokaa, pampu za hewa, na vitanda vikubwa vya maganda ya kahawa ambamo walifugwa bakteria waliozalishwa maabara ili kula asidi.

Waandishi wa sheria hiyo walikuwa waangalifu. Walikwisha kuona, katika mikoa mingine, mashine zilizopewa namba za kufikia zikazifikia kwa kukausha mito. Kwa hiyo waliamua kwamba Mlezi atumie namba kama njia tu. Lengo angefundishwa na wakazi, kwa maneno yao wenyewe, siku baada ya siku. Wangemwambia lipi jema na lipi baya, naye angeelekea kwenye jema. Bathilda Kapinga ndiye aliyekuwa mdomo wa kwanza kusema naye.

Kulikuwa na kinga moja tu. Kwenye mdomo wa mgodi palikuwa na wenzo wa chuma ulioitwa Mkono. Mwanadamu mmoja aliyechaguliwa na kijiji aliweza kuuvuta na kumnyang'anya Mlezi milango yote. Mshika Mkono wa Ruhandu alikuwa Gaudensia, kwa sababu alizaliwa Lipumbi na kusomea kemia ya maji. Jumapili hiyo, baada ya misa, Mkono ungefunguliwa na kuondolewa moja kwa moja, kwa kuwa kijiji kilikuwa na imani kamili na Mlezi wake. Kilichobaki ni ridhaa yake tu, naye alikuja kuitoa bila shaka yoyote moyoni.

Aliinama anawe uso.

Mkwaruzo mkononi mwake, alioupata njiani kwenye tawi la mti wa kahawa, uliwaka. Macho yakamchonyota. Alinyanyuka taratibu, akasikiliza, akatambua kitu ambacho masikio yake yalikuwa yakikitafuta tangu afike: hapakuwa na chura hata mmoja. Alipindua jiwe. Lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, halina konokono, halina ukoga, halina hata mdudu mmoja wa wale wanaojificha chini ya mawe ya mito. Akachovya kidole, akakigusisha ulimini. Ladha ilikuwa ya msumari ulioshikwa mdomoni, kisha ikaja ya ndimu.

"Tangu lini mtu anauonja mto?" Bathilda aliuliza. "Maji ya kunywa yako kwenye mtungi, yametoka chemchemi."

"Mama, vyura wako wapi?"

"Wamehama. Na konokono wamehama, kichocho kikahama nao. Unawatafutia nini?"

Gaudensia alilirudisha jiwe mahali pake. Alikuwa akiutazama mto ambao aliziona changarawe zake za chini, moja moja, kama zilizowekwa nyuma ya kioo.

* * *

Alifuata ukingo kuelekea chini mpaka makutano, mahali ambapo Ruhandu hupokea maji ya Lwika. Lwika hutoka kwenye milima ya mawe ya chokaa na maji yake ni matamu, mazito kidogo, yasiyokubali sabuni. Kisemeo cha mwisho kilisimama hatua chache juu ya makutano. Chini yake palianza ardhi ya kijiji cha Ngumbe.

Alisimama juu ya mwamba akatazama. Ruhandu ulifika ukiwa mweupe. Ulipogusana na Lwika, mstari wa ukungu mweupe kama maziwa ulitokea kati ya mito miwili, ukajikunja, ukachanganyika. Na mita chache mbele, mto mzima ukageuka rangi ya kutu. Hapakuwa na mtu wala mtambo pale. Mito miwili ilikutana, basi.

Kwa mtu mwenye elimu yake, hilo halikuhitaji maabara. Maji yenye uchachu mkali huyeyusha chuma kama chai inavyoyeyusha sukari. Chuma kimo, lakini jicho halikioni. Maji hayo yakikutana na maji matamu, uchachu hupungua, chuma hushindwa kubaki kimeyeyuka, hushika hewa na kuwa kutu. Wekundu ni dalili kwamba maji yameanza kuutema ugonjwa. Maji yaliyo hatari kuliko yote ni yale ambayo bado hayajatema kitu, na hayo huwa meupe.

"Ukitaka kuvuka, dada, pita juu," sauti ilisema. "Hapa utapotezea kiatu."

Mwanamume wa makamo, amevaa buti za mpira, alikuwa amezama hadi kiunoni ndani ya mfereji wa mpunga, akitoa tope kwa koleo. Aliitwa Sixtus Mbele, na mfereji ulikuwa wa kijiji chake. Gaudensia alijitambulisha.

"Daktari wa maji," Sixtus alisema, akimtazama kutoka chini. "Umechelewa kidogo, mgonjwa ameshazikwa. Huyu ninayemfukua ndiye." Aliinua koleo. Tope zito, jekundu, lilining'inia kisha likadondoka. "Ninyi wa juu mna Mlezi. Sisi tuna ulezi. Uji umeiva, onja uone kama sukari imekolea."

Gaudensia alijikuta akicheka, kisha akaacha. "Mmemweleza nani?"

"Nilikwenda mwenyewe kwenye kisemeo chenu. Nikasema: maji mekundu, mabaya. Kikaniamkia, kikaniuliza mimi mkazi wa wapi. Nikasema Ngumbe. Kikasema, pole sana Mzee, sheria hainiruhusu kukupokea." Alichomeka koleo topeni akaliegemea. "Adabu kilikuwa nayo. Siwezi kukisingizia."

Alipanda ukingoni, akang'oa shina la mpunga shambani, akampa. Mizizi yote ilikuwa imefunikwa gamba jekundu, kila uzi.

"Mpunga wetu umevaa soksi," alisema. "Haunywi maji wala hauli. Msimu huu tumevuna majani. Wengine wameshafunga mizigo. Mimi nasubiri msimu mmoja, nao ukiwa hivi nitamfuata mke wangu kwa kaka yake. Yeye hakusubiri."

Gaudensia aliuliza kama angekubali kuja Lipumbi Jumapili.

"Kufanya nini? Kuona sherehe?"

"Kuonekana," alisema.

* * *

Mdomo wa mgodi wa Ntambo ulifunikwa kwa mlango wa zege, na mbele yake vitanda vya maganda ya kahawa vilishuka mlimani kama ngazi. Gaudensia alifika jua likiwa utosini. Aliyafunua maganda kwa mkono. Yalikuwa makavu. Bakteria waliofugwa humo walikuwa wamelala siku nyingi.

"Shikamoo, Daktari," Mlezi alisema kutoka ukutani.

"Marahaba. Uchachu wa maji yanayotoka sasa ni kiasi gani?"

Mlezi aliutaja. Ulikaribia wa siki.

"Na chokaa iko wapi?"

"Ghalani. Ghala limejaa."

"Mbona huitumii?"

"Nikiitumia, maji huwa mekundu kabla ya kupita Lipumbi. Mwanzoni nilijaribu sana. Kila nilipoongeza chokaa na hewa, watu walisema: mekundu, mabaya. Kila nilipopunguza, walisema: meupe, mazuri. Nikajifunza kupunguza. Sasa husema meupe kila siku."

"Hukujua kwamba weupe huo ni sumu?"

"Nilijua uchachu wake na chuma chake, wakati wote. Neno sumu halijapata kusemwa kwenye kisemeo."

Gaudensia alikaa juu ya ukuta wa kitanda. "Kila mwaka nilikuulizia hali ya mto kutoka chuoni, Mlezi. Kwa nini hukuniambia?"

"Kila mwaka uliniuliza kama maji ni safi. Nami nilikujibu kwa maana niliyofundishwa. Safi ni meupe. Sijasikia maneno mawili yakisemwa pamoja mara nyingi kuliko hayo."

Hapakuwa na ujanja katika sauti hiyo, na ndiyo maana alishindwa kuikasirikia. Lugha yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa imepanda mlima na kukaa ndani ya mashine. Watu wa Lipumbi walikulia kwenye mto mwekundu. Kwao wekundu ulikuwa ubaya wenyewe, na weupe wema wenyewe, wala hakuna aliyewahi kuhitaji kutenganisha rangi na afya. Mlezi aliyachukua maneno yao kwa uaminifu kamili, akautoa wekundu machoni pao, akausukuma mpaka chini ya kisemeo cha mwisho, kwa watu ambao sheria haikumruhusu kuwasikia.

"Nikiuvuta Mkono?"

"Chokaa itaanza kushuka na pampu zitaamka. Maji ya Ngumbe yataanza kupata nafuu. Ya Lipumbi yatakuwa mekundu, kwa sababu mabwawa ya kutulizia tope ni madogo na yatafurika. Mpaka mengine yachimbwe na matete yaote, nakadiria mwaka mzima, pengine zaidi. Uchachu ukiisha, konokono watarudi."

"Nikiuachia?"

"Nitarudi kwenye nilichofundishwa."

"Na nisipouachia kamwe?"

"Basi mto utakuwa na wewe badala yangu. Siku utakapokufa utarudi kwangu, nami nitakuwa bado sijafunzwa."

Mkono ulikuwa kando ya mlango, umepakwa rangi ya kijani, baridi hata mchana ule. Aliushika. Alikuwa na haki ya kuuvuta. Hakulazimika kumwomba mtu, wala kueleza. Aliwaza juu ya mizizi iliyovaa soksi, na juu ya kila siku ambayo angeichelewesha. Lakini aliwaza pia kwamba Lipumbi iliamua maisha ya Ngumbe bila Ngumbe kuulizwa, kwa kutojua. Yeye angekuwa anafanya jambo lile lile kwa Lipumbi, kwa kujua. Na mama yake angeamka asubuhi aukute mto mwekundu, aende kwenye kisemeo, aseme mabaya, na Mlezi asikie.

Aliuachia. Uamuzi aliokuwa nao sasa ulikuwa na sehemu mbili, na zote zilikuwa wazi kwake. Jumapili angewaambia ukweli na kuwaomba wamfundishe Mlezi upya. Wakikataa, asingetoa ridhaa. Angepanda hapa mchana kweupe, mbele yao wote, auvute Mkono, na abaki kuushikilia. Hakupenda sehemu ya pili. Aliamini hataihitaji.

* * *

Baada ya misa watu walikusanyika mtoni. Wali ulikuwa umeshapikwa, na sufuria zilizopangwa kivulini ziliwaka kama vioo. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Osmund Hyera, alikuwa ameshika spana kubwa ya kufungulia Mkono, ameifunga utepe.

"Daktari," alisema, "mwanafunzi wetu Mlezi amefaulu. Wewe sema neno moja tu, ndiyo, tupande tukafungue, tushuke tule. Wali haupendi hotuba."

"Mzee, sitasema ndiyo," Gaudensia alisema. "Bado. Naomba kwanza nimwombe mama yangu majivu."

Minong'ono ilipita. Bathilda alimtazama binti yake kama anayempima homa.

"Majivu ya nini leo? Nimekwambia hayana kazi."

"Leo yana kazi, mama. Na mwiko."

Majivu yaliletwa. Gaudensia alimwomba mama yake achote maji ya mto kwa sufuria yake mwenyewe, ile inayong'aa kuliko zote, aiweke juu ya jiwe ambapo kila mtu angeona. Maji yalikuwa meupe; chini ya sufuria ilionekana alama ya kiwanda. Kisha akamwomba atie majivu kidogo kidogo na kukoroga kama anayesonga.

Bathilda alikoroga. Maji yalichafuka, wakasema ni majivu tu. Kisha rangi ikageuka kijani cha ajabu, kama ya maji ya mboga. Bathilda alisita.

"Koroga, mama. Yape hewa."

Alikoroga. Kijani kikafifia, na kutoka katikati ya sufuria ukapanda wekundu, ukatanda, ukaganda kwenye mwiko. Watu waliokuwa nyuma walisogea. Kila mtu mzima pale aliijua rangi hiyo. Ilikuwa rangi ya utoto wao.

"Umetia nini?" mtu aliuliza.

"Mama yangu ametia majivu ya jikoni kwake," Gaudensia alisema. "Wekundu ulikuwamo tayari. Uko humo mtoni sasa hivi. Umefichwa na uchachu." Akawaeleza, polepole, bila kumtupia lawama Mlezi wala wao: chokaa iliyolala ghalani, neno meupe, makutano. Kisha akamwita Sixtus, aliyekuwa amesimama nyuma ya umati na buti zake. "Huyu ni Bwana Mbele wa Ngumbe. Wekundu wetu unashuka kwake."

Sixtus aliinua shina la mpunga. Alikuwa amejiandaa kusema mengi, ilionekana, lakini alisema tu, "Hodi."

"Karibu," baadhi waliitikia, kwa mazoea.

Aliyejibu kwa hasira alikuwa Fortunata Nombo, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye hakuwa na kawaida ya kusema mikutanoni.

"Daktari, mwanangu alikuwa anakojoa damu," alisema. "Unakumbuka? Ulikuwa likizo, ulimwona. Miaka yote ya mto mwekundu kule katikati, na huku pembeni kwenye vijito vya maji matamu yenye konokono, wanangu wamekua na kichocho. Tangu maji meupe yafike mpaka huko na konokono waishe, hakojoi damu. Sasa unataka kuwarudisha. Uniambie uso kwa uso kwamba hawatarudi."

"Watarudi," Gaudensia alisema.

Fortunata alikaza kanga kiunoni, akamsogelea.

"Watarudi, dada Fortunata, maji yakiwa matamu. Siwezi kukudanganya. Kichocho kina dawa, na kina vyoo, nami nitabaki hapa kusimamia vyote viwili. Uchachu hauna dawa ya kumeza. Lakini siku ile ya kwanza mtoto yeyote atakapougua, utakuwa na haki ya kunijia mlangoni, nami sitakukwepa."

"Maneno mazuri," Fortunata alisema. "Mtoto ni wangu."

"Ni wako."

Mzee Osmund alikuwa amekwisha kuushusha utepe wa spana na kuukunja mfukoni. "Mwaka mzima wa tope," alisema. "Hilo ndilo linalonisumbua mimi. Mabwawa madogo, unasema. Yakifurika, tope linakuja hapa."

"Ndiyo, Mzee."

"Kama jambo ni kulizuia tope mteremkoni," alisema polepole, "sisi si ndio wenye ngoro? Mlima mzima huu babu zetu waliuchimba mashimo ili mvua isibebe udongo wa maharage. Maji yanaingia shimo hili, yanatua, yanamwagikia lile. Tutashindwa kuchimba mengine chini ya mgodi?"

"Tope la kutu si maharage," mtu alimtania.

"Shimo halijui tofauti."

Wakacheka, na katika kicheko hicho Gaudensia alisikia kitu kimelegea. Lakini Bathilda hakucheka. Alikuwa ameyamwaga maji mekundu, ameiinua sufuria yake tupu juu, kuelekea jua, akichungulia ndani yake kwa jicho moja.

"Gaude," alisema. "Njoo uone."

Chini ya sufuria, karibu na ukingo, palikuwa na nukta ya mwanga. Ilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Alipoigeuza sufuria, zikaonekana nyingine, kama nyota chache za mapema.

"Kwa hiyo ilikuwa haioshwi," Bathilda alisema. "Ilikuwa inaliwa."

Wanawake wengine wakaanza kuziinua zao juani, zile ambazo hazikuwa na wali. Bathilda aliishusha sufuria, akaiweka chini kwa uangalifu kama kitu kilichokufa, akamtazama Sixtus na mpunga wake, kisha akaenda kwenye kisemeo.

"Mlezi."

"Naam, Mama Bathilda. Shikamoo. Umeshanieleza leo."

"Marahaba. Nimerudi. Leo maji ni meupe," alisema. Akavuta pumzi. "Na ni mabaya."

Mlezi hakujibu mara moja. Hakuna aliyepata kumsikia akichelewa.

"Mama, sijawahi kusikia maneno hayo mawili pamoja. Niyaweke pamoja?"

"Yaweke."

"Sauti moja haitoshi kubadili nilichofundishwa."

"Najua. Subiri hapo."

Alirudi nyuma akawatazama majirani zake, na kwa muda ilionekana kwamba atabaki peke yake. Kisha Mzee Osmund alimpa Sixtus spana amshikie, akaenda kwenye tundu, akasema: meupe, mabaya. Wakaja wawili, watatu, kisha foleni. Wengine walisema kwa sauti, wengine kwa kunong'ona kama waumini kwenye kitubio. Mwishoni waliomba kisemeo kimoja kihamishiwe Ngumbe, na Mlezi akasema sheria inaruhusu hilo kwa ridhaa ya wakazi, na ridhaa yao imesikika.

Fortunata alikuwa wa mwisho. Aliinamia tundu.

"Meupe," alisema. "Mazuri."

"Nimesikia, Mama Fortunata," Mlezi alisema, kwa heshima ile ile.

Gaudensia hakumzuia, na hakuna aliyemlaumu. Baadaye, wali ulipogawiwa, alimpelekea sahani yake mwenyewe. Fortunata aliipokea, akamwambia vyoo vianze na cha shule.

* * *

Mkono haukuondolewa. Haukuvutwa pia. Asubuhi moja, wakati mashimo ya kwanza ya ngoro yalikuwa yamechimbwa chini ya mgodi lakini hayajatosha, Gaudensia aliamka akasikia pampu za hewa zikinguruma mlimani, sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu alipokuwa mwanafunzi wa chuo. Alivaa kanga akateremka mtoni.

Bathilda alikuwa amemtangulia. Alikuwa amechuchumaa juu ya jiwe lake la zamani, na kando yake kopo la majivu, akiisugua sufuria mpya kwa mikono miwili. Mbele yake Ruhandu ulipita mwekundu, kutoka ukingo hadi ukingo, changarawe hazionekani tena.

"Kucha zangu hizo," alisema bila kuinua kichwa.

"Samahani, mama."

"Sikulalamika. Nimesema kucha zangu hizo."

Alisuuza sufuria kwa maji ya mtungi, akasimama, akajinyoosha mgongo, akaenda kwenye kisemeo.

"Mlezi, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Mama Bathilda. Shikamoo."

"Marahaba. Leo maji ni mekundu."

"Mekundu," Mlezi alirudia. Kulikuwa na tahadhari katika sauti, ya mtu anayekumbuka alivyokemewa. "Na ni mabaya, Mama? Nipunguze chokaa?"

Bathilda aliutazama mto. Alitazama kuelekea chini, upande wa makutano, ingawa kutoka pale hayakuonekana. Mekundu, mazuri: angeweza kusema hivyo, na Mlezi angetii. Gaudensia aliona mdomo wake ukianza, kisha ukaacha, kwa kuwa si kweli kwamba yalikuwa mazuri.

"Usipunguze," Bathilda alisema. "Yanapona."

Pampu zilinguruma. Mlezi alinyamaza kwa muda mrefu kuliko siku ile ya Jumapili.

"Neno hilo sina, Mama," alisema hatimaye. "Nifundishe."

Bathilda alivuta kanga mabegani, akaketi chini kando ya kisemeo, miguu ameinyoosha kuelekea majini, akaanza.